Rufaa Yangu Ilikuwa Imelazwa

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba mfuko wetu wa bima ya afya umeniita nikajaze fomu, nami nikaenda na ndoo.

Sikushangaa kubeba ndoo. Kilichonisumbua ni kwamba ilikuwa ile ya rangi ya chungwa, wakati nyumbani tunayo ya bluu yenye mfuniko, ambayo kidogo inaonekana ya kiofisi.

Nieleze kwanza mambo yalivyo nikiwa macho. Jina langu ni Tusekile Mwaisumo. Nina miaka thelathini na minane, na ninafanya kazi hapa Mbeya katika maabara ya kupima mbegu. Watu wanatuletea mahindi, maharage, ngano, alizeti. Nazilaza mbegu kwenye karatasi yenye unyevu, nasubiri siku zinazotakiwa, nahesabu, kisha natia saini kwamba zinaota au hazioti. Mume wangu ni Ambakisye, fundi wa pampu za maji. Tumeoana miaka tisa. Mirija yangu ya uzazi imeziba yote miwili, kwa sababu ya maambukizi niliyopata nikiwa chuoni yakatibiwa nusunusu. Daktari bingwa alituambia bila kuzunguka: njia iliyobaki ni kupandikiza, yai lirutubishwe maabara halafu lirudishwe nyumbani kwake.

Mfuko wa bima ulijibu kwa barua ya kurasa mbili kwamba matibabu hayo si ya lazima, na hautayagharamia. Nikakata rufaa. Dada wa mapokezi alinipokelea bahasha akaniambia kwa upole kwamba kamati huamua kwa kusoma karatasi, mimi sihitajiki kuwapo. Basi jana nilipanda kitandani nikiwa mtu asiyehitajika katika jambo lake mwenyewe.

Ndipo nikajikuta na ndoo.

Ofisi za bima ziko ndani ya ghala la mahindi. Naingia. Kwenye dirisha la kwanza yuko muhuri wa mpira, mkubwa kama mtu mzima, amevaa tai. Anaongea kwa kujigonga mezani, na kila akimaliza sentensi anaacha tarehe.

"Karibu, mama," anasema. Tarehe kumi na nne Machi. "Umekuja kujaza?"

"Ndiyo."

"Jaza."

Fomu imetandazwa sakafuni. Ina upana wa godoro na kingo zilizoinuka, na kila sehemu ina beseni lake. Nachota maji bombani naanza. Sehemu ya jina inajaa kwa ndoo moja. Sehemu ya kazi inakula ndoo mbili, kwa sababu kazi yangu naipenda. Kisha nafika kwenye Idadi ya Watoto. Ni kisehemu kidogo, sawa na kisosi cha chai, lakini namimina ndoo nzima na maji yanapotea.

"Inavuja," namwambia muhuri.

"Haivuji, mama. Iko wazi. Fomu yenye sehemu iliyo wazi haipokelewi."

Namimina tena. Nahesabu ndoo, maana kuhesabu ndiyo ujuzi wangu. Zinafika thelathini na moja. Wanawake wengine wananipita na fomu zao zimejaa pomoni, wamezibeba kichwani bila kumwaga tone. Mmoja ananiambia, "Pole, dada." Sitaki pole. Katika miaka tisa nimepewa pole nyingi kuliko mfiwa yeyote ninayemfahamu.

Ambakisye anaingia akisukuma pampu kwenye toroli. Amevaa ovaroli yake ya kazi. Hasalimii mtu. Anapiga magoti kwenye maji, anainamia kile kisehemu, anakitazama kwa jicho lilelile analotazamia bomba lililopasuka.

"Tuse," anasema, "hapa hapataki maji zaidi."

"Panataka nini?"

"Mkono."

Anaweka kiganja chake juu ya Idadi ya Watoto. Maji yanapanda polepole mpaka kwenye ukingo, yanatulia.

Muhuri anainama kutoka dirishani. "Hiyo inaruhusiwa?"

"Imeandikwa wapi kwamba hairuhusiwi?" Ambakisye anamuuliza, hata hainui kichwa.

Muhuri anapekua kitabu cha kanuni mbele na nyuma. Hapati. Anashuka, anajigonga juu ya maji, na tarehe inasambaa kwa miduara mpaka ukutani.

"Nenda dirisha la pili," mume wangu ananiambia.

"Na wewe?"

"Mimi nashikilia hapa. Nikiutoa mkono yanakwisha. Nenda, nina siku nzima."

Nilijivuna, sikufichi. Niliigeukia foleni yote, nikamwonyesha kwa kidole yule mtu mwenye ovaroli aliyepiga magoti kwenye maji, nikasema kwa sauti, "Yule ni mume wangu." Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu wajue.

Dirisha la pili liko mbali, na muhuri amefika kabla yangu. Hapa ni mahali pa wanachama na wategemezi wao. Wategemezi wanategemea. Kila mwanachama ameegemewa na watu: watoto kiunoni, mwenza begani, wazazi mgongoni. Mzee mmoja mwenye miwani anasogea hatua moja kila baada ya nusu saa, akiwa ameegemewa na tisa.

"Wategemezi wako wako wapi, mama?" anauliza muhuri.

"Nina mume, lakini anashikilia maji."

"Na watoto?"

"Sina."

"Basi simama wima."

Nasimama wima. Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mrefu hivi. Naona juu ya vichwa vya ghala zima, mpaka kwenye mlango wa nyuma. Wanachama wananitazama kwa macho ya wivu kidogo, nami nawatazama kwa wivu mkubwa.

"Sasa ugonjwa," muhuri anaendelea. "Umekuja nao?"

"Barua yenu, ukurasa wa kwanza, inasema huu wangu si ugonjwa."

"Kweli kabisa."

"Na ukurasa wa pili unasema ugonjwa ulitangulia kabla sijajiunga, kwa hiyo hamuulipii."

"Hata hilo ni kweli. Umetangulia. Uko pale mbele."

Natazama. Mbele kabisa ya foleni amesimama mwanamume mwembamba, koti limemzidi mabega, kwapani ana bahasha kubwa ya hospitali. Ananiona, anajiweka sawa.

"Habari za siku nyingi, dada Tusekile," anasema. "Mimi ni ugonjwa wako. Nilitangulia tangu ulipokuwa chuo, mwaka wa pili. Nimesimama hapa tangu siku hiyo."

"Wanakwambiaje?"

"Wananiambia mimi si ugonjwa." Anafungua bahasha. "Dada, nina vyeti. Nina picha."

Anatoa picha ya mionzi, anainyanyua kwenye mwanga. Naitambua. Ni picha ya nyonga yangu, nilipigwa mwaka juzi. "Huyu hapa ni mimi," anasema, akigusa mrija wa kushoto. "Na huyu hapa ni mimi tena."

Nimemchukia mtu huyu miaka kumi na saba. Nimemlilia bafuni nikiwa nimefungulia bomba ili nisisikike. Lakini kumwona anafanywa si kitu mbele za watu, ilhali najua alichonifanyia, sikuweza kuvumilia. Namshika mkono namrudisha dirishani.

"Huyu ni ugonjwa," namwambia muhuri. "Ninayeumwa ni mimi, na ninakwambia. Chagueni moja. Kama si ugonjwa, hakuna kilichotangulia. Kama alitangulia, basi alikuwa nani?"

Muhuri anafikiri. Anajigonga mara moja, bila neno, na tarehe anayoiacha haina mwaka.

"Asante," ugonjwa ananinong'oneza. "Hakuna aliyewahi kunitetea."

"Sijakutetea. Nataka uondoke."

"Naelewa," anasema. "Hata mimi nimechoka kusimama."

Muhuri sasa anabadilisha sauti. Anakuwa mpole kama mtu anayetaka kwenda kula chakula cha mchana. "Mama, tusifikishane mbali. Kujifungua tunagharamia, tena kikamilifu. Imo kwenye kitita chako cha mafao." Anavuta droo, anatoa kamba ya katani. "Jifunge hapa. Ukishajifunga, jifungue. Nitagonga leo hii hii, utatoka na karatasi yako mkononi."

Kamba inanifikia. Ni laini, imeshikwa na mikono mingi. Najizungushia kwenye kifundo cha mkono mara moja, na ninaanza ya pili. Niseme ukweli, nilivutiwa. Karatasi yenye neno "imekubaliwa" ni kitu ambacho sijawahi kukishika, na nilitaka kukishika hata kama ndani yake hamna kitu.

Kisha nasikia kamba inaniuliza, kwa sauti ya kike iliyochoka, "Na wewe walikwambia ni utaratibu tu?"

"Ndiyo."

"Wote huambiwa hivyo. Wanatoka na karatasi, wanarudi nyumbani, nyumba iko kimya vilevile."

Naifungua. Naikunja vizuri mara nne, naiweka juu ya kaunta.

"Sikuja kufungwa," namwambia muhuri. "Nimekuja kutibiwa. Rufaa yangu iko wapi?"

"Rufaa ziko hospitali ya rufaa," anasema, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. Ananyoosha mkono kwenye mlango wa nyuma.

Nafungua mlango. Mimi na ugonjwa tunaingia wodini.

Ni wodi ndefu, safi, inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Vitanda viko pande zote mbili, na kwenye kila kitanda imelazwa barua. Nyingine zina bendeji kwenye kona. Nyingine zimetundikiwa dripu ya wino. Moja nene, yenye viambatanisho ishirini, inakoroma. Muuguzi anapita na trei ya pini.

"Mgonjwa wako jina gani?" ananiuliza.

"Rufaa ya Tusekile Mwaisumo."

"Oo. Kitanda cha kumi na sita. Ni ndugu yako?"

"Niliiandika mimi."

Ananitazama kwa namna ambayo wauguzi huwatazama watu waliochelewa kuleta mgonjwa. "Ina upungufu mkubwa wa damu," anasema. "Umeandika 'naomba' mara kumi na moja. Umeandika 'samahani kwa usumbufu' mara tatu. Karatasi haiwezi kusimama hivyo."

Naikuta imelala chali, nyeupe kuliko ilivyonunuliwa. Maandishi yangu yamepauka. Naiinamia.

"Unajisikiaje?"

"Sijui," inasema rufaa. Sauti yake ni yangu, ile ninayotumia nikiongea na wakubwa. "Ulinituma nikaombe radhi. Nimefika, wameniuliza nimekosa nini, sikuwa na jibu. Tulikosa nini?"

Nakaa ukingoni mwa kitanda. Nafikiri kwa dakika kadhaa, kwa sababu ni swali zuri na linastahili jibu la kweli. Napitia miaka tisa yote. Napitia hata chuo.

"Hakuna," naiambia. "Hatukukosa kitu."

"Basi nitoe haya maneno. Yananibana kifua."

Muuguzi ananipa kalamu nyekundu. Nafuta samahani ya kwanza. Rufaa inavuta pumzi. Nafuta ya pili na ya tatu. Nafuta naomba kumi, nabakiza moja, ya mwisho, kwa heshima. Mahali nilipoandika "mimi mwanachama wenu mnyonge" naandika "mimi Tusekile, binti Mwaisumo, mkaguzi wa mbegu." Mahali nilipoandika "tatizo langu" naandika jina lake kamili, kama daktari alivyoliandika, na ugonjwa anasogea anachungulia juu ya bega langu kuhakikisha nimepatia herufi.

Rufaa inakaa kitako. Wino umerudi mweusi. Inauliza kama kuna uji.

"Sasa hivyo," anasema muuguzi. "Hii naweza kuiruhusu."

Tunatoka watatu, mimi, ugonjwa na rufaa, na korido ya wodi inaishia katika maabara yangu mwenyewe. Naijua harufu yake, karatasi mbichi na vumbi la maharage. Meza zimesukumwa ukutani. Katikati ndipo kamati ya rufaa ilipo.

Kamati ina wajumbe saba na kiti kimoja. Mwenyekiti ni mwenyekiti kwa sababu kiti ni chake. Amekikalia, na wajumbe wengine wamepakatana juu yake, mmoja juu ya mapaja ya mwenzake, mpaka wa mwisho, mama mmoja mwenye kilemba cha kijani, kichwa chake kinagusa dari. Wote wana mafaili. Sauti ya mwenyekiti inatoka chini kabisa, imebanwa.

"Wewe ndiye mwenye rufaa?"

"Ndimi."

"Kaa."

"Hakuna kiti, mheshimiwa."

"Basi haumo. Hiki ni kikao. Kikao ni kukaa. Asiyekaa hayumo kikaoni."

"Nitasemea nje ya kikao."

"Hatutakusikia."

"Nitapaza sauti."

Nikapaza. Sijawahi kupaza sauti mahali pa kazi. Katika maabara yetu hata kikombe tunakiweka mezani taratibu, ili tusitikise trei.

"Nina miaka kumi na minne katika chumba hiki," nikasema. "Mkulima mmoja kutoka Mbozi aliwahi kuniletea mfuko wa maharage ya mama yake. Mama alikuwa amefariki, na mbegu ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nilipima mbegu mia nne. Haikuota hata moja. Kitabu kinasema mbegu ya namna hiyo naandika sifuri, natupa. Sikutupa. Nilizikwaruza ngozi, nikaziloweka. Hazikuota. Nikaziweka kwenye baridi, kisha kwenye joto, kisha kwenye giza. Nilijaribu mara tisa. Mara ya tisa ziliota mia mbili na kumi na mbili. Yule baba alikaa pale, kwenye lile dirisha, akatazama trei mpaka tunafunga ofisi."

"Hilo linahusianaje na kitita cha mafao?" akauliza mjumbe wa tatu kutoka chini.

"Linahusiana hivi. Sikumwambia mtu yule kwamba kuota si lazima. Nyie mmeniandikia kwamba kwangu si lazima. Mtanilipia siku ya kuzaa, mtamlipia mtoto chanjo, mtamlipia akivunjika mkono akicheza. Kila kitu cha huyo mtoto mko tayari kukilipia, isipokuwa yeye kuwapo."

Mafaili saba yakafunguliwa kwa pamoja.

Ugonjwa akapiga hatua mbele bila kuitwa. "Na mimi nipo," akasema. "Naomba iandikwe kwamba nipo." Akainua picha. Mama mwenye kilemba alichukua miwani, akainama kutoka darini, akaitazama muda mrefu, mrija wa kushoto, mrija wa kulia.

"Yupo," akasema mama yule.

Neno likashuka mjumbe mmoja hadi mwingine, "Yupo, yupo, yupo," mpaka chini, na mwenyekiti akasema, "Iandikwe." Nilimwona ugonjwa akifuta macho kwa mkono wa koti. Nami nilikuwa karibu kulia, lakini rufaa ilinikanyaga mguu. Ilikuwa imesimama kando yangu, wima, bila hata pini.

"Swali la mwisho," akasema mwenyekiti. "Wewe mama unayepima za wengine. Wewe mwenyewe unaota?"

"Ninaota, mheshimiwa," nikajibu. "Ndiyo maana mmekaa hivyo."

Wajumbe walitazamana, kadiri walivyoweza kutazamana. Mmoja alijaribu kurekebisha tai ya aliyemkalia. Mwenyekiti alikohoa.

"Kamati imesikia," akasema. "Imesikia kutoka nje, jambo ambalo halijawahi kutokea. Lakini uamuzi ni wa kikaoni, na wewe hujakaa. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Uje na kiti chako."

"Nitakuja nacho."

"Kiwe chako mwenyewe. Cha kuazima hakikubaliki."

"Mheshimiwa, mimi siazimi."

Sikusubiri waniruhusu. Niligeuka nikatoka na kichwa juu, ugonjwa kushoto kwangu, rufaa kulia, na nilipofika mlangoni nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia kupitia pazia. Nje jirani alikuwa akifagia uwanja. Ambakisye alisimama karibu na kitanda, kashika kikombe cha chai mkono mmoja na simu yangu mkono mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesoma kitu mara mbili na bado hajaamini.

"Tuse, wa bima wameleta ujumbe. Sasa hivi."

"Soma."

Akasoma polepole. "'Ndugu mwanachama. Kamati imeona ni vyema usikilizwe ana kwa ana kuhusu rufaa yako. Fika Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi. Ukumbi wetu uko kwenye ukarabati na viti ni pungufu. Unaombwa uje na kiti chako.'"

Nilikaa kitandani. "Imeandikwa kiti?"

"Kiti. Hii ni ofisi gani inayomwambia mtu aje na kiti?" Akanitazama. "Mbona hushangai? Ulikuwa unajua?"

"Waliniambia."

"Nani?"

"Wao. Walikuwa wamepakatana."

Tumeishi pamoja miaka tisa. Ambakisye anajua kuna maswali ya kuuliza kabla ya chai na mengine ya baada. Akanipa kikombe. Kisha akakaa kando yangu, simu ikiwa bado mkononi mwake, na tukasoma ujumbe tena, mabega yetu yakigusana. Usikilizwe ana kwa ana. Hakuna aliyeahidi kitu. Lakini jana nilikuwa karatasi kwenye bahasha, na leo natakiwa mimi mwenyewe, na sauti yangu.

"Itabidi niage kazini Alhamisi," akasema.

Kila tulipokwenda kliniki, mume wangu aliaga kazini kwamba nimefiwa. Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo. Amewazika shangazi zangu wanne, wajomba wawili na babu ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Nadhani pale kazini kwake wanajua ukoo wa Mwaisumo umekwisha, nimebaki mimi tu. Mara ya mwisho walimchangia mchele.

"Safari hii utasema nani kafa?" nikamuuliza.

Alitazama dirishani, kule jirani alikokuwa akifagia, kisha akatikisa kichwa.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Nitawaambia nakwenda kumbebea mke wangu kiti. Wakiuliza cha nini, nitawaeleza. Yote."

Akainuka akaenda sebuleni. Nikasikia anavuta viti kimoja kimoja, anavijaribu kwa kuvikalia, anavitikisa miguu.

"Tuse!" akaita. "Hiki chenye mito, au hiki kirefu cha mezani?"

"Kirefu," nikamjibu. "Nataka wanione."